Karibu Isiyo ya Mazoea

Nilisema hodi, baba akajibu karibu, na mlango haukufunguka.

Nilidhani kitasa, ambacho hujifungua chenyewe kikisikia karibu ya mwenye nyumba, kimeganda. Kaunti ya Larkin, huku kaskazini mwa Montana, ina baridi isiyo na adabu, na asubuhi ile hata mate yalitaka kugandia mdomoni. Nikapulizia kioo cha kitasa, nikakifuta kwa glavu. Taa ilikuwa nyekundu na imetulia. Kitasa kibovu taa yake hupepesa; hiki kilikuwa kizima kabisa, ila kimenikatalia. Sikuwa na wa kumuuliza, maana vitasa vyote vya kaunti hii nimevitengeneza mimi.

"Hodi, baba," nikarudia.

"Karibu, karibu."

Taa ikabaki nyekundu.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kalalaje, akasema salama. Nikamuuliza mbona sauti yake inatoka chini, akasema salama. Nikamuuliza mlango una nini, akanijibu kwa ukarimu uleule anaomjibia kila mtu, "Karibu mgeni, karibu." Nikaenda dirishani, nikatia jicho kwenye upenyo wa mbao. Baba alikuwa sakafuni, ameegemea kiti chake, kikombe kimepinduka pembeni. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Mkono wa upande huohuo ulilala pajani kama si wake.

Nikapiga simu kwa daktari wa mji wa jirani. Aliponiuliza maswali mawili matatu akasema ni kiharusi, na kwamba kimemchukulia maneno. Kinachobaki kwa wagonjwa wa namna hiyo, akasema, ni yale maneno ambayo ulimi huyasema wenyewe: salamu, sala, nyimbo za utotoni. Akasema anakuja na gari la wagonjwa na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini dawa hiyo haingoji. Ikipita adhuhuri itakuwa bure. Kisha akaniomba niwe nimeshafungua mlango.

*

Baba yangu, Mzee Mihayo Kasanda, ndiye aliyeandika sheria iliyomfungia ndani.

Serikali kuu ilipoziachia kaunti zijichagulie sheria zao, watu wa Larkin walichagua chache mno. Hapa hatuna polisi. Ukigombana na jirani mnatafuta wasuluhishi mnaowakubali wote wawili, na neno lao linawafunga kwa sababu mlikubali liwafunge. Juu ya yote iko Sheria ya Kizingiti: hakuna mtu, awe na cheo gani, awe na sababu gani, atakayevuka kizingiti cha mwenzake bila kukaribishwa. Atajitangaza mara tatu. Asipokaribishwa ataondoka, na hatarudi mpaka jua lingine lichomoze. Baba alitafuta neno la Kiingereza la kujitangaza kwa namna hiyo, asilipate, akaandika "hodi". Ndiyo maana leo wafugaji wa ng'ombe wa Larkin, wenye kofia pana na masharubu, husimama mlangoni wakasema hodi kama wamezaliwa Tabora.

Alikuwa na sababu zake. Alikua akisikia habari za bibi yake, ambaye jina lake ndilo langu, aliyeezuliwa paa na watu waliotumwa kumhamisha akiwa bado anapika. Na yeye mwenyewe, katika mji wetu wa kwanza Marekani, aliamshwa alfajiri na askari waliovunja mlango kwa kishindo. Walikuwa wamekosea namba ya nyumba. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, akaangushwa kwenye vurugu ile, na mdogo wangu sikumwona. Askari waliomba radhi, wakaweka mlango mpya. Baba hakuwatukana. Kila alipoisimulia habari ile alimalizia kwa maneno yaleyale: "Wangepiga hodi tu."

Basi watu wa Larkin waliposomewa sheria yake walisimama wote. Baba naye akasimama mbele yao, akasema hata akifa ndani mwake asiingie mtu asiyemkaribisha. Mimi nilikuwa pale, na nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Tatizo lilianza Waswahili wenzetu walipotufuata. Sisi na neno karibu hatujui kulizuia. Mzee mmoja alikuwa barazani anakula, akapita mtu asiyemjua, akamwambia karibu chakula. Yule bwana akaketi, akala, na kesho akarudi, na keshokutwa, na wasuluhishi wakasema ana haki kwa kuwa alikaribishwa na hakuna aliyeweka mwisho. Mama mwingine alimuaga mchuuzi wa mafuta ya nywele akamwambia karibu tena, hapa ni kwenu. Mchuuzi akahamia na mbwa wake. Tulicheka, lakini wajanja walikuwa wameshajifunza. Walizunguka milango ya wazee wetu wakisema hodi, wakingoja lile neno litoke lenyewe.

Ndipo nikaweka chujio ndani ya kitasa. Kitasa husikiliza sauti ya mwenye nyumba kutwa nzima, na hakihesabu karibu yake mpaka siku hiyohiyo kiwe kimemsikia akikataa kitu chochote, hata chai. Niliona ni haki. Mtu asiyeweza kukataa, karibu yake ni ya mazoea, na ya mazoea si ruhusa. Chujio ni moja kwa milango yote. Nikililegeza mahali pamoja limelegea kila mahali. Lilifanya kazi vizuri mno. Milango ya wazee ikatulia, na baba akanisifu mbele za watu.

Sasa kitasa chake kilikuwa kimesikiliza tangu alfajiri, kikasikia karibu na salama na marahaba, kikafanya kile nilichokifundisha.

*

Orrin Haugen, jirani wa baba na mwenzake katika kuiandika sheria, alifika na pikapu lake kabla ya daktari. Ni mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, na maishani mwake amebishana na baba kuhusu kila kitu isipokuwa uhuru. Alichungulia dirishani, akakaa hapo muda. Alipogeuka, machozi yalikuwa yameganda kwenye masharubu.

Akaniambia ana mnyororo nyuma ya gari. Ukifungwa kwenye mpini, pikapu likivuta, mlango utakuja.

Nikamuuliza yeye anaonaje.

"Nikiuvunja leo kwa mapenzi," akasema, "kesho atakuja mwingine kuvunja wa jirani, naye atasema ni mapenzi. Wote huwa wanasema hivyo. Hata wale waliouvunja mlango wa mama yako walisema wanalinda watu." Akajifuta uso. "Lakini yule ni rafiki yangu. Wewe ndiye mtoto wake. Ukisema neno, nafunga mnyororo, na kesho nitajipeleka mwenyewe kwa wasuluhishi."

Gari la wagonjwa likaja, likasimama nje ya geti. Daktari akashuka na mkoba wake, akasimama pale theluji ilipokuwa imekanyagwa, akaangalia saa yake halafu akanitazama.

Nataka nieleweke. Sheria haikunitisha. Ningetengwa, mikataba yangu yote ingevunjika, na bado ningeuvunja mlango ule kwa meno. Kilichonizuia ni baba. Alikuwa amesema kwa akili zake timamu, mbele ya kila mtu, asiingie mtu asiyemkaribisha. Mtu akilala usingizi, maneno aliyoyasema akiwa macho hayafutiki. Lakini je, aliyesema yale alikuwa anafikiria kufa, au alikuwa anamfikiria mama? Nilimpenda kiasi cha kutaka kumtii, na nilimpenda kiasi cha kutaka kumwasi, na mapenzi yale yalikuwa mamoja.

Tena hodi zangu mbili nilikwisha kuzitumia. Ilibaki moja.

Nikapiga magoti kwenye baraza, mdomo karibu na tundu la kitasa, nikaanza kumtafutia baba kitu cha kukataa. Nikamwambia nampikia uji bila sukari, akasema asante. Nikamwambia nawauza ng'ombe wake wote, akasema salama. Nikamwambia naolewa na yule mchuuzi wa mafuta ya nywele, pamoja na mbwa wake. Baba akasema, "Alhamdulillahi, karibuni." Nikacheka na kulia kwa pamoja, na Orrin akaniwekea mkono begani ingawa hakuelewa tulichosema.

Akaniuliza kama yupo mtu yeyote duniani ambaye baba aliwahi kumnyima kitu.

Nikasema hayupo. Halafu nikasimama, nikasema yupo mmoja.

*

Bi Chausiku Kondo ni Mzaramo wa Kisarawe. Baba ni Mnyamwezi. Kwa sisi hiyo inatosha, lakini Orrin ilimchukua miaka kuelewa. Mwaka aliohamia, Bi Chausiku alimkuta baba sokoni, akamvua kofia yake ya manyoya kichwani, akaivaa, akaenda zake. Wenye kushuhudia walimwita msuluhishi. Baba akakataa kushitaki. Akasema yule ni mtani wake na ana haki ya kuchukua. Wakamuuliza mkataba uko wapi. Akawajibu kwamba uliandikwa kwa miguu na wapagazi waliokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani, na Wazaramo waliowapokea, na kwamba hata wakiupekua duniani kote hawataupata kwenye karatasi. Orrin ndiye aliyekaa akatunga kifungu cha utani. Hakuna kifungu kingine kama kile katika sheria za Marekani, na yeye hukionea fahari.

Kati ya watani hakuna karibu. Baba, aliyemkaribisha kila mpita njia, alimfukuza Bi Chausiku barazani kila Ijumaa, na Bi Chausiku kila Ijumaa alirudi.

Orrin alimfuata kwa pikapu. Njiani lazima alimweleza yote, kwa sababu Bi Chausiku aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwamkia, akaniitikia kwa kunibana shavu. Akajifunga kanga kiunoni juu ya koti zito, akapanda baraza, na sauti yake ikabadilika kabisa.

"We mpagazi," akamwita, huku akiupiga mlango kwa kiganja. "Nimeambiwa umekufa. Nimekuja kuchukua kanzu kabla hazijapoa."

"Karibu," akasema baba.

Bi Chausiku akafumba macho kidogo. Nadhani hata yeye hakuwa ameamini mpaka pale. Kisha akaendelea. Alimwambia Wanyamwezi wamezoea kubeba vya watu ndiyo maana leo amebebwa na sakafu. Alimwambia atamzika na kopo la togwa maana maji ya peponi hayatamtosha. Alimwambia yote ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa matusi, na kila alipopumua, baba aliitikia kwa upole, salama, asante, karibu. Daktari kule getini akaangalia saa tena.

Bi Chausiku akaangaza huku na huku barazani, na macho yake yakatua kwenye kigoda cha mama.

Kigoda kile mama alikuja nacho kutoka Tabora. Alikikalia akipika, akikuna nazi, akinisuka nywele. Tangu afariki hakuna aliyekikalia. Baba huketi chini hapo barazani kando yake jioni, mkono juu yake. Katika vurugu zao zote Bi Chausiku hakuwahi kukigusa, kwa sababu hata utani una mahali unapovulia viatu. Akanitazama mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa.

Akakiinua, akakigonga mlangoni ili baba asikie ni mti gani.

"Basi mimi naondoka na hiki," akasema. "Kigoda cha mkeo. Nitakikalia nikikaanga vitumbua. Una la kusema, Mnyamwezi? Maana kama huna, nakipeleka."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi baba kutojibu papo hapo. Tukasikia kitu kikiburuzwa sakafuni. Tukasikia pumzi, nzito, kama ya mtu anayesukuma kabati. Halafu sauti ambayo haikuwa neno. Halafu nyingine.

"Ha," akasema baba. "Ha. Hapana."

Taa ya kitasa ikatoka kwenye nyekundu ikawa ya manjano.

"Toka," akasema baba.

Bi Chausiku akakishusha kigoda taratibu, akakikumbatia, akakaa kwenye theluji na kanga yake. "Kanikataa," akaniambia, machozi yakimtiririka. "Mwanangu Nyamizi, kanikataa mwenyewe."

*

Sasa ilikuwa zamu yangu, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi.

Taa ya manjano maana yake ni moja tu: aliye ndani anaweza kukataa, basi neno lake lolote litahesabiwa. Nilikuwa nimehangaika kumrudishia baba hapana yake, na nimeipata. Hakuna kilichomzuia kuitumia kwangu. Mara ngapi alikuwa ameniambia hataki kufa kwenye kitanda cha watu, mirija puani, chini ya dari asiyoijua? Akisema hapana, hiyo itakuwa hapana ya kweli, nami nitakuwa nimeshaithibitisha kwa chujio langu mwenyewe.

Nikamgeukia Orrin, nikamwomba aurudishe mnyororo garini. Alikuwa ameushika muda wote. Akanitazama kwa mshangao.

"Sitaki kumuuliza swali wakati jibu nimelificha mgongoni," nikamwambia.

Akaelewa. Nikasikia mnyororo ukiangukia kwenye bati la pikapu. Nikasogea mlangoni, nikaweka paji la uso kwenye mbao, nikaongea polepole, kwa maneno madogo. Nikamwambia amepata kiharusi. Nikamwambia yuko daktari ana dawa, na dawa inaweza kumsaidia na inaweza isimsaidie. Nikamwambia kama hataki, sitaivunja nyumba yake, na sitaondoka pia, hata kama sheria inataka niondoke. Nitakaa hapahapa barazani, upande wangu wa mlango, naye upande wake, na nitamwimbia nyimbo za mama mpaka mwisho.

"Hiari ni yako, baba," nikasema. "Nakupenda."

Kisha nikajiweka sawa kama alivyonifundisha nikiwa mdogo, hatua moja nyuma, kando ya mlango, uso umeelekea nje ili mwenye nyumba asikutwe bila kujiandaa.

"Hodi."

Hakujibu.

Upepo ukapita juu ya theluji. Bi Chausiku akawa anasoma dua midomo ikitikisika. Nikaitazama taa, haikusogea. Nikajiambia hayo ndiyo majibu, Nyamizi, yapokee. Kwa ndani nilikuwa nishaanza kutafuta wimbo wa kuanza nao.

Nikasikia kiganja kimoja kikiparaza sakafu. Kikasogea, kikapumzika, kikasogea. Kikaja mpaka mlangoni, chini kabisa, na nikajua amelala ubavu na mdomo wake uko usawa wa kizingiti. Nikachuchumaa ili niwe usawa wake.

Maisha yangu yote baba yangu alikuwa akinikaribisha kabla sijamaliza kubisha. Alinikaribisha mimi, na wachuuzi, na wapita njia, na mbwa wao, kwa neno lilelile na kwa haraka ileile. Sikuwahi kulisikiliza. Siku ile alilitafuta. Nilimsikia akilikosa, akikamata jingine, akilitupa, akianza upya, akivuta pumzi kwa ajili yangu peke yangu.

"Ka," akasema. "Kari. Karibu." Akatulia. "Mama."

Mama ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nina jina la bibi yake. Hakuna mgeni anayeitwa hivyo.

Taa ikawa ya kijani. Nikamwinulia daktari mkono aje, nikausukuma mlango polepole sana nisije nikamgonga, kwa maana alikuwa amejilaza hapohapo kunipokea.